Kesi ya Pasi ya Bi Mwanakheri

Palikuwa na hakimu mmoja pale Muheza, jina lake Shekue, aliyekuwa amestaafu lakini hakuna aliyefanikiwa kumwambia. Kuku akidonoa unga wa jirani, kesi. Watu wakigombea kamba ya kuanikia, kesi. Sisi wapangaji wake tulimwita Mheshimiwa, maana usipomwita hivyo haitiki, na choo kikiziba unataka mtu aitike.

Yeye aliishi ghorofani, sisi chini. Uani kulikuwa na chumba cha Bi Mwanakheri, mjane aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu. Masharti ya chumba kile Mheshimiwa aliyatamka mwenyewe: taa moja, kutopika kwa umeme, na kuoga maji baridi.

"Maji baridi yanajenga tabia," alisema. Kwake juu kulikuwa na heta ya maji.

Basi nyumba ikapata maradhi. Kila jioni, magharibi ikikaribia, swichi kuu pale koridoni inajizima yenyewe. Feni kimya, redio kimya. Unaiwasha, inakaa kidogo, inajizima tena. Na kila mara Mheshimiwa anatokea juu ya ngazi na taulo kiunoni, povu limejaa masikioni, anauliza, "Nani anapiga pasi?"

Na kweli, saa hizo Bi Mwanakheri huwa anapiga pasi, kwa kuwa wateja huchukua nguo jioni. Mimi nimelala katika nyumba za watu kuanzia Moroni hadi Kigoma, lakini ujuzi wangu wa umeme unaishia kwenye kubadilisha globu, tena globu yenyewe isiwe mbishi. Kwa hiyo na mimi nilitikisa kichwa nikasema, aa, itakuwa pasi.

Jumamosi moja alasiri, Mheshimiwa akatukusanya koridoni. Ameshika kanzu nyeupe iliyokunjamana kama uso wangu asubuhi.

"Jioni hii wanakuja kumposa binti yangu," akasema. "Mwanakheri, utainyoosha kanzu hii hapa hapa, kwa pasi yako hiyo hiyo, usibaki mkunjo hata mmoja. Swichi ikianguka, unahama kabla ya magharibi."

Tukatazama chini. Mlango ule wa uani ndio wateja wake wanaoujua. Kumhamisha pale ni kumnyang'anya kazi.

Bi Mwanakheri akaipokea kanzu, akaikung'uta taratibu.

"Mheshimiwa, nikuulize jambo. Ulipokuwa kazini, ulimhukumu mtu huku washukiwa wenzake wamekaa nyuma yake wanakula karanga?"

"Kamwe."

"Sasa pasi yangu inashtakiwa peke yake, na friji ipo, pampu ipo, feni zipo. Hizo zote ni mashahidi au ni ndugu wa hakimu?"

Mheshimiwa akavuta kidevu. Ukimgusa kwenye utaratibu wa mahakama, umemgusa pale panapowasha. "Unataka nini?"

"Vyombo vyote vizimwe. Viitwe kimoja kimoja. Kitakachoiangusha swichi ndicho mkosaji."

"Imekubaliwa. Na mwenye chombo hicho anahama leo. Hakuna rufaa."

"Hata akiwa huyu bwana wa chumba cha mbele?" Akaninyooshea kidole mimi, niliyekuja kutazama tu.

"Hata yeye. Yeye hasa."

Nyumba nzima ikazimwa. Pasi ikaitwa kwanza. Bi Mwanakheri akanyoosha mkono wa kulia wa kanzu, akanyoosha wa kushoto, akanyoosha kifua. Swichi imekaa.

"Inajifanya mpole mbele za watu," akasema Mheshimiwa. "Nimewaona wengi wa namna hiyo."

Friji ikaitwa. Swichi imekaa. Pampu, imekaa. Feni, imekaa. Likaitwa birika langu, nikatetemeka mimi kwa niaba yake. Limekaa. Pasi bado inaenda, kanzu imenyooka mpaka inang'aa.

Bi Mwanakheri akachomoa pasi, akaishika mkononi, waya unaning'inia. "Amebaki shahidi mmoja, Mheshimiwa. Yule wa bafuni kwako."

"Heta ya hakimu haitoi ushahidi."

"Kwa nini?"

"Ina kinga."

"Kinga ya nini? Maji hayaifikii?"

Tukacheka kwa ndani. Mheshimiwa akakasirika, akapanda ngazi mwenyewe kwenda kusafisha jina la heta yake. Tukasikia mlango wa bafu. Tukasikia kidole kikibonyeza. Kisha pale koridoni, tap.

Friji ikanyamaza. Feni ikazunguka kwa uvivu, ikasimama.

Mheshimiwa akashuka polepole. "Ni pasi," akasema. "Imeishawishi."

"Pasi ninayo mkononi. Imeishawishi kwa barua?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nakatiwa umeme na sabuni machoni! Mimi ni mlalamikaji!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Umelalamika vizuri. Tukusaidie kubeba nini kwanza, kitanda au kabati?"

"Mwanakheri, nyumba ni yangu."

"Ulisema mwenye chombo, hukusema isipokuwa mwenye nyumba. Na ulisema hakuna rufaa."

"Nilikuwa nakukusudia wewe!"

Hapo hata mkewe, aliyekuwa juu ya ngazi, alicheka. Mheshimiwa akatutazama mmoja mmoja, akakohoa kikohozi cha kiserikali.

"Mahakama inafuta hukumu. Kila mtu abaki chumbani kwake. Bi Mwanakheri apige pasi saa yoyote aitakayo. Na fundi aitwe kesho."

Tulishaanza kutawanyika alipokumbuka. Akajinusa kwapani, akatazama saa. "Wageni wako njiani. Sasa mimi nitaogaje?"

Bi Mwanakheri akamkabidhi kanzu yake, imenyooka kama karatasi.

"Ndoo iko uani, Mheshimiwa. Oga bila wasiwasi, yatakujenga tabia."