Lengo la Somo la Kuosha Maiti

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo. Na nyie wa nyuma msiegemee nguzo, maana nawajua, nikianza tu kusema nguzo zinawaleteeni usingizi. Leo sitawaweka sana. Nina kisa kimoja, nimekitunga mwenyewe, kwa hiyo mkitoka hapa msianze kuulizana kimetokea kijiji gani.

Alikuwepo mwalimu mmoja wa kike, msomi, mwandiko wake mzuri kuliko wa kitabu. Kamati ya msikiti ikamwomba aanzishe darasa la akina mama, kila Jumamosi baada ya alasiri, wasomeshwe kuosha maiti. Kwa nini? Kwa sababu kijiji kizima kilikuwa na mwanamke mmoja tu anayeijua kazi hiyo, mjane wa makamo, riziki yake kuuza vitumbua. Akifa mwanamke, anaitwa yeye. Anaepua kikaango, anajifunga kanga, anakwenda. Miaka ishirini alikuwa peke yake, na mauti hayana ratiba. Kamati ikaona tusingoje, tupate wengine.

Siku ya kwanza mwalimu akaandika ubaoni: "Lengo la somo: wanafunzi wafahamu umuhimu wa kumwosha maiti." Akapiga na mstari chini yake. Wanawake ishirini na wawili wakanakili kwenye madaftari mapya.

Yule muuza vitumbua alikuwa amealikwa siku hiyo, amekaa mbele kama mgeni. Akausoma ubao. Akausoma tena. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Hilo lengo, utajuaje kama limefikiwa?"

"Nitajuaje vipi, bi mkubwa?"

"Mimi kitumbua nikitaka kujua kimeiva, nakichoma kwa kijiti. Sasa hawa nikitaka kujua wamefahamu, niwachome wapi?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, ila kidogo.

"Andika hivi, mwanangu," akasema yule mama. "Mwisho wa darasa hili kila mmoja ataweza kumwosha mwanamke mwenzake, tangu kutia nia mpaka kumkausha, bila kumwuliza mtu. Halafu kila Jumamosi mmoja wao alale hapa na nguo zake, wenzake wafanyie mazoezi. Anayekosea tutamwona, tutamsahihisha."

Mwalimu akatabasamu lile tabasamu letu sisi tuliosoma. "Elimu si mikono tu, bi mkubwa. Kwanza wafahamu. Mengine yatakuja yenyewe."

Yule mama hakubishana. Alikuwa na unga wake nyumbani umeshaumuka, akaaga akaenda zake. Na nyie mngekuwepo, mngekuwa upande wa nani? Msinijibu, mtasema uongo msikitini.

Basi, wakasoma miezi mitatu. Wakasoma fadhila, wakasoma thawabu, wakasoma heshima ya maiti, madaftari yakajaa. Kila Jumamosi mwalimu anauliza, "Mmefahamu?" Nao kwa sauti moja, "Tumefahamu!" Siku ya kufunga wakapewa vyeti vyenye mhuri wa kamati, wakapigwa picha, wakala pilau. Mimi na pilau sina ugomvi.

Wiki tano baadaye, Alhamisi asubuhi, yule muuza vitumbua akaanguka jikoni kwake. Hakuinuka tena.

Mnajua tunavyosema: mwosha huoshwa. Tunalisema haraka haraka, kama jambo lililokwisha kupangwa. Haya, huoshwa na nani?

Wakaja wale ishirini na wawili, wote, hakuna aliyekosa, maana kila mmoja alikuwa na deni la huruma kwa yule mama. Maji ya vuguvugu yalikuwa tayari. Majani ya mkunazi yalikuwa tayari, karafuu maiti ipo, sanda imekatwa. Mazishi yametangazwa baada ya adhuhuri. Wakafika mpaka mlango wa chumba. Pale mlangoni wakasimama.

"Ingia wewe, shoga."

"Mimi? Si wewe uliyepewa cheti cha kwanza!"

"Tunaanza na kichwa au ubavu wa kulia?"

"Na tumbo linaminywa lini, kabla au baada?"

Kila mmoja alikuwa anajua kwa nini maiti anaoshwa. Ukiwauliza hilo wangekujibu mpaka jua lizame.

Binti wa marehemu alikuwa amekuja kutoka mjini alfajiri ileile baada ya kupigiwa simu kuwa mama yake hajisikii vizuri, akamkuta bado anasema, na akamshika mkono alipoanguka. Kazi ya mama yake ya kuosha maiti hakuwahi kujifunza. Alikuwa amekaa ukumbini, kichwa ameegemeza ukutani. Akawatazama wale wanawake mmoja mmoja.

"Mama yangu amewaosha mama zenu wote," akasema. "Wewe mama yako. Na wewe, dada yako. Leo nani atamwosha mama yangu?"



Huku nje wanaume wameshaswali adhuhuri. Jeneza limewekwa ukutani. Wanatazamana, wanatazama saa, sisi wanaume humo ndani hatuingii. Ndipo wale wanawake wakageuka wakamwangalia mwalimu wao, aliyesimama nyuma kabisa na daftari lake kifuani.

"Mwalimu, tangulia basi. Utuongoze, sisi tutafuata."

Mwalimu hakusogea. 

"Siwezi," akasema. "Mimi sijawahi kuosha maiti hata mmoja. Namwogopa maiti tangu mdogo. Kama ningeandika 'kila mmoja ataweza kuosha', wiki ya pili tu mtu angeniambia, haya mwalimu, tuoneshe. Ndiyo maana niliandika 'wafahamu'. Kufahamu hakuna anayeweza kunikagua."

Mmesikia hiyo? Hakukosea kuandika. Alijua kabisa anachoandika. Lile neno zuri ubaoni lilikuwa pazia, na yeye alikuwa nyuma yake, na wanawake ishirini na wawili akawaficha pamoja naye, na wao wakafurahi kufichwa.

Ikabidi mtu apande bodaboda mpaka kijiji cha tatu. Mwosha akaletwa, alasiri inakaribia. Akauliza jambo moja tu: "Nani ataingia na mimi?" Akaingia yule mwalimu. Analia, lakini aliingia, akashika birika. Kila mara anaambiwa, mimina huku, taratibu, sasa upande wa kulia. Marehemu akazikwa jua likiwa limeshalala magharibi, na binti yake akarudi mjini bila kumlaumu mtu, jambo ambalo mimi naona lilikuwa zito kuliko lawama.

Jumamosi iliyofuata mwalimu akafuta ubao, akaandika: "Ifikapo mwisho wa mwezi, kila mmoja wetu, mimi nikiwa wa kwanza, ataweza kumwosha maiti peke yake bila kuuliza." Kati ya wale ishirini na wawili, kumi na mmoja hawakurudi tena darasani. Vyeti walikuwa navyo.

Ndugu zangu, walimu mliomo humu nawaona mnainamisha vichwa, na mimi najua mlichoandika kwenye maandalio yenu ya wiki hii. "Mwanafunzi aelewe." "Mwanafunzi athamini." Kesho kaandikeni kile mtoto atakachofanya mbele yenu, akosee mkiona, mumsahihishe mkiona. Mtoto wa mtu ana haki hiyo kwenu.

Lakini msidhani nimewaandama walimu peke yao. Sisi sote tuna ubao. Tunasema, mwaka huu inshallah nitajirekebisha. Nitakuwa karibu na Mola wangu. Nitawajali wazee wangu. Maneno matamu, nani atayapinga? Kujirekebisha wapi? Kuanzia siku gani? Kumjali mama ni kumfanyia nini, mkono wako utashika nini, simu utapiga saa ngapi? Hatusemi. Hatusemi kwa sababu tukisema, kesho jioni tutaulizwa. Tumejichagulia malengo ambayo hata tukifa hatujayagusa, hakuna wa kutuambia tumeshindwa. Isipokuwa Yule ambaye hapitwi na lililo nyuma ya pazia.

Na mimi ninayewasemesha ni mmoja wenu. Jana nilipokuwa natayarisha darsa hii niliandika juu ya karatasi: "Waumini wafahamu umuhimu wa kuunga undugu." Nikanyanyua kalamu, nikajisoma, nikaona haya. Nikaikata. Nikaandika hii, nawasomea kama ilivyo: "Kabla ya adhana ya magharibi leo, kila aliyemo humu atakuwa amemwendea mtu mmoja aliyekatana naye undugu, amemtaja kwa jina lake, na amemtolea salamu kwanza yeye."

Hilo mtaweza kunikagua. Basi nianze mimi. Kwa miezi minane sijasemeshana na ndugu yangu, tumbo moja baba mmoja, kwa ajili ya maneno ya kwenye arusi ambayo hata siyakumbuki vizuri. Mnamjua wote, Vuai, fundi wa mafriji. Yuko safu ya nne karibu na feni, anajifanya anatazama mkeka.

Vuai, usiondoke. Nashuka, nakuja.