Ubuyu Mwekundu wa Bibi

Sikilizeni, ndugu zangu, kisa cha bibi mmoja na mjukuu wake wa kike wa miaka sita. Alimpenda mno, akimtania kwa kumwita "mke mwenzangu". Kila likizo mtoto akiletwa kwake, bibi alikuwa ameshatangulia jikoni kumpikia ubuyu.

Nanyi mnajua ubuyu unavyomrudisha mtu nyuma. Bibi akikoroga sukari na iliki, basi yuko tena kwa mama yake, wamekaa watoto sita kwenye mkeka, wanalamba vidole na kugombania ukoko wa sufuria. Wanne kati ya wale sita wameshatangulia mbele ya haki, naye aliwakumbuka sana. Alitaka mjukuu aonje alichoonja yeye. Hakutaka zaidi ya hapo.

Lakini mtoto alikuwa na pumu, na kila akija kwa bibi kifua kilimbana. Bibi akamgawa paka kwa jirani. Akatupa mito ya sufi. Akawa anafagia uvunguni asubuhi na jioni. Mtoto akishavuta dawa yake na kutulia, bibi alimbembeleza kwa kitu gani? Kwa kibakuli kingine cha ubuyu.

Siku moja binti yake, mama wa mtoto, akaja uso umemsawijika. "Mama, daktari anasema wako watoto ambao rangi za vyakula huwaamshia pumu. Hana hakika kama wetu ni mmoja wao. Ametaka tumwachishe kwanza, tuone. Ikishindikana hapa kwako, sitamleta tena."

Bibi akaumia. "Mwanangu, ubuyu ndio wa kumdhuru? Mimi nimeula utoto wangu wote, na kifua changu hiki hapa kizima."

"Na huo wa kwenu ulikuwa mwekundu hivi, mama?"

Bibi akakumbuka. Ulikuwa mweupe. Mama yake hakuwahi kushika pakiti ya rangi maishani mwake. Rangi ilikuja baadaye, watu wakaipenda, naye akafuata. Hakukumbuka hata alianza lini. Je, sisi tunakumbuka tulianza lini?

Kesho yake akapika bila rangi. Harufu ikawa ileile ya kwa mama yake, machozi yakamlengalenga. Akamtilia mtoto kiganjani. Mtoto akautazama, akamrudishia. "Bibi, huu si ubuyu."

Mmesikia? Huu si ubuyu. Tumlaumu mtoto? Nani aliyemwonyesha mwingine?

Sisi hapa tunajisifu kuwa tunawalea watoto kama tulivyolelewa. Tunasema hii ndiyo sala ya wazee wetu, huu ndio ukarimu wa kwetu. Kumbe tumebakiza jina na kumbukumbu tamu, vilivyomo ndani tumevibadilisha wenyewe, kidogo kidogo, kwa mapenzi kabisa. Siku tukiwapa kile cha kweli, wanaturudishia mkononi.

Bibi hakugombana naye. Alikaa chini, akala ule ubuyu mbele yake kwa siku tatu, akimsimulia habari za wale ndugu zake wa kwenye mkeka, mpaka mtoto akanyoosha mkono mwenyewe. Likizo ile kifua kilimbana mara moja tu. Daktari bado anafuatilia, wala mimi si daktari.

Lakini wewe, ukifika nyumbani leo, kitazame unachompa mwanao. Mama yako angekijua?