Cheo Kilicholala

"Heri cheo kilale kuliko undugu ufe." Mmemsikia mama yenu akiitamka, sasa mnanigandama niwaambie ilikotoka. Haya, kaeni. Methali hii ilianzia mbali, Uingereza ya kale, kwenye ukoo wa malodi wa Haveriki, wakuu wenye cheo cha kurithi.

Lodi Godfridi alifariki bila mtoto wa kiume. Aliacha mabinti wawili, Hawisa mkubwa na Sibila mdogo. Sheria ya kwao ilikuwa ya ajabu: mabinti waligawana mashamba nusu kwa nusu, lakini cheo hakikugawanyika, wala mkubwa hakupewa kwa ukubwa wake. Kililala tu, bila mwenyewe, hadi abaki mrithi mmoja.

Sibila alikuwa na mtoto wa kiume, na mumewe, Rogeri, alitamani mno mwanawe aitwe Lodi. Mume huyo, Mungu amsamehe, hakuwa na dogo. Sibila alikuwa amemwambia siri aliyonong'onezwa na mama yake akikata roho, kwamba Hawisa alizaliwa kabla ya ndoa ya wazazi wao. Hilo likithibitika, Hawisa angenyimwa urithi wote na kufukuzwa nyumbani, naye Sibila angebaki mrithi pekee, cheo kimfikie mwanawe. Rogeri akapeleka shauri mbele ya hakimu wa mfalme, akamtaja mkewe kuwa shahidi.

"Bibi Sibila," hakimu akauliza, "dada yako alizaliwa ndani ya ndoa?"

Hawisa akainamisha kichwa. Sibila akamtazama, machozi yakamlenga.

"Bwana hakimu, mimi ni mdogo. Yeye alipozaliwa sikuwepo."

"Hukusikia lolote?"

"Nimesikia mengi. Lakini nimeapa kusema niliyoyaona, na nilichokiona ni mgongo wa dada yangu. Mgongoni huko ndiko nilikolelewa, mama alipougua."

Rogeri akafoka, "Mwanao atakosa cheo!"

"Atakosa cheo, mume wangu, lakini atakuwa na mama mkubwa. Heri cheo kilale kuliko undugu ufe."

Shahidi mwingine hakuwepo, shauri likaishia hapo. Dada wale wakatoka wameshikana mikono, Rogeri nyuma anaburuta miguu. Nawapenda wanawake wale, siwafichi.

Miaka ishirini ikapita. Hawisa akafariki bila mtoto, na siku hiyo hiyo cheo kikaamka. Watu wakaja mbio kumpongeza Sibila. Wakamkuta amekumbatia shali ya dada yake, analia.

"Mnanipongeza kwa lipi?" akawauliza. "Ningekuwa na uwezo, kingelala mpaka kesho."

Basi, wajukuu zangu, ndiyo hiyo: heri cheo kilale kuliko undugu ufe.