Mwali Aliyekawia Kuitwa

Hapo zamani, na mwenye usingizi aende akalale, palikuwa na msichana aitwaye Somoe, binti wa Bi Sijaona. Alikuwa na kaka yake, Chilumba. Chilumba hakuwa mbaya. Kichwa chake ndicho kisichotulia. Akikasirika, alivunja vyungu. Akiogopa, alitokomea porini.

Somoe akilia njaa, mama alimwambia, "Ngoja, nimtulize kaka yako." Akiumwa, "Ngoja, nimtafute kaka yako." Akangoja mpaka akazoea. Alimpenda kaka yake, na alikuwa amemchoka.

Akavunja ungo, akawekwa ndani. Kwa desturi ya kwao, siku ya kutolewa mwali, mama humwita uwanjani kwa jina jipya walilomchagulia nyumbani. Mwali naye huvua mkufu wake wa shanga, akamvika aliyemwita. Asiyeitwa mpaka jua likazama hurudishwa ndani mwaka mzima.

Siku ikafika. Ngoma zikalia, Chilumba akaingiwa na hofu, akakimbilia mtoni. Na mto ulikuwa umefurika! Bi Sijaona akamtazama binti yake. "Ngoja, mwanangu," akasema, akatimua mbio.

Wenzake wakaitwa, wakashangiliwa, wakaenda zao. Somoe akabaki peke yake. Akaona uchungu, akalia mbele za watu.

Jua likigusa vilima, shangazi yake Abiba akasimama. "Asumini! Toka, mwanangu!"

Makungwi wakanong'onezana: shangazi ni mama? Mara Chilumba akatokea, amelowa chepechepe, ameziba masikio. Akapita katikati ya ngoma akitetemeka, akapaza sauti: "Asumini!" Nyuma yake mama akafungua kinywa. Sauti haikutoka; ilikuwa imemkauka kwa kumwita Chilumba kando ya mto.

Abiba akasema, "Nimeita wa kwanza. Nisingeita, angerudi ndani."

Chilumba akasema, "Ngoma zinanitisha, dada. Nimezipita kwa ajili yako."

Mama akanong'ona kwa shida, "Kaka yako angezama, Somoe, leo ungetoka uchezwe au ungekaa matanga?"

Somoe akauvua mkufu. Kila mmoja wa wale watatu akainamisha shingo.

Haya, nyinyi mliokaa kunitumbulia macho, semeni. Nani alistahili kuvikwa? Na kama Somoe angeurudisha mkufu shingoni mwake mwenyewe, je, nani kati yenu angemlaumu?