Chumba chenye Milango Miwili na Ufunguo Mmoja

Sikilizeni, lakini kama watu watakaoulizwa, kwa maana nitawauliza.

Katika Chuo cha Ualimu Lyangweni walikuwapo watu watatu. Wa kwanza ni Bi. Tumsifu Mbwambo, mtunza stoo, aliyejua kukipa kazi kila kilichotupwa. Wa pili ni Mwalimu Sikujua Chilongola. Wanachuo walimwita Sijui, lakini jina lake ni Sikujua, nalo ndilo nitakalotumia. Kipawa chake kilikuwa kuyaweka mambo katika maandishi yanayofuatika. Wa tatu ni Issa Limbende, mpishi, na yeye kipawa chake kilikuwa masikio. Sisemi kwamba alisikia vizuri. Kelele za jikoni zilikuwa zimeliharibu sikio lake la kushoto. Nasema alisikiliza.

Jumatatu moja mwanachuo Zakayo Mgongolwa alirudi kutoka kumzika baba yake. Zakayo ni Mhehe, lakini alizaliwa na kulelewa Kabwe, nchini Zambia, ambako baba yake alikuwa fundi wa reli. Wenzake walikuwa wamekaa naye bwenini kumpa pole. Mara akaingia Fulgensi Ngonyani, ambaye ni Mngoni, amejifunga kanga kichwani, analia kilio cha uongo.

“Mmemzika Mhehe wangu bila kuniita! Toeni kuku wangu, la sivyo nakwenda kumfukua!”

Baadhi walicheka. Zakayo alichukua kikombe cha bati, akampiga nacho mdomoni. Jino likatoka, na kicheko kikaisha.

Kufikia Jumanne bwalo la chakula lilikuwa limegawanyika. Upande mmoja walisema mtu hapigwi kwa utani. Upande wa pili walisema msiba hauchezewi. Visu vya mezani vilianza kupungua, na Mzee Limbende aliyevihesabu hakulala vizuri. Mkuu wa Chuo, Bw. Deogratias Rwechungura, akaitisha bodi Ijumaa, saa nane mchana, ili Zakayo afukuzwe. Zilikuwa zimebaki wiki saba amalize masomo. Mama yake, mjane wa siku chache, alikuwa hajaambiwa.

Jumatano mchana Mwalimu Sikujua akaenda kwa Mkuu.

“Niachie niwasuluhishe, Mkuu.”

“Kwa mpango gani? Una chumba?”

“Sina.”

“Una mwongozo? Una msuluhishi?”

“Sina.”

“Sasa Mwalimu, unaniomba nini?”

“Siku mbili.”

Mkuu akatazama saa ya ukutani. “Mbili. Si mbili na nusu.”

Vijana wote wawili walikataa ofisi ya Mkuu, kwa kuwa huko watu huenda kufukuzwa. Tena kila mmoja aliapa kwamba hatapita mlango mmoja na mwenzake. Bi. Tumsifu akasema, “Stoo yangu ya vitanda vibovu ina milango miwili. Mmoja una kufuli, mwingine una komeo la ndani.” Akatoa vitanda thelathini na viwili, akafukuza popo, akaikata meza iliyokuwamo pembe zake kwa msumeno iwe duara, ili pasiwe na anayekaa kwenye kichwa cha meza. Bila chumba hicho, vijana wasingekutana.

Mwalimu Sikujua alikuwa na sanduku la bati lenye vijitabu vya usuluhishi, alivyokusanya katika semina kwa miaka tisa, wala hakuna aliyewahi kumuuliza juu yake. Alivisoma vyote, akaandika ukurasa mmoja. Kanuni yake kuu ilikuwa hii: kabla hujamjibu mwenzako, rudia alichosema, na umweleze ulivyokielewa. Bila kanuni hiyo, vijana wangekutana ili wapigane tena.

Kanuni zilitaka pia mtu wa tatu, asiye mwalimu wala mwanachuo. Mzee Limbende akaja Alhamisi na unga mikononi, akakaa, akageuza sikio lake la kulia. Kwa saa nzima alisikiliza tu. Wale wawili walikuwa hawatulii. Mmoja anatikisa goti, mwingine anatazama mlango wake.

Fulgensi alisema, “Nilifanya utani. Basi.”

“Amesema alifanya utani,” Zakayo akarudia. “Nilivyoelewa, kifo cha baba yangu kwake ni mzaha.”

Mzee Limbende akainua mkono. “Mwanangu, rudia neno hilo.”

“Lipi?”

“Utani. Kwenu Kabwe lina maana gani?”

“Mzaha, Mzee. Kuna maana nyingine?”

Fulgensi akafumba macho. “Mungu wangu! Hajui.”

Mzee akamweleza taratibu. Wahehe na Wangoni walipigana zamani hata wakachoka, wakawa watani. Na mtani anapofiwa, mtani wake huja kuzika, kumchekesha na kudai kuku, ili mfiwa asizame katika majonzi. Tangu Jumatatu watu ishirini walikuwa wamemwambia Zakayo “ulikuwa utani tu”, na mara zote ishirini yeye alisikia tusi. Bila sikio lile, lingekuwa tusi mpaka leo.

Zakayo alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

“Nitakupa kuku wako,” akasema.

“Mchemshe mpaka alainike, Mhehe wewe,” akajibu Fulgensi, “maana meno umeyapunguza.”

Ijumaa bodi haikumfukuza mtu. Mkuu akatangaza kwamba stoo ile sasa ni Chumba cha Usuluhishi, na kwamba kitakuwa na mlezi mmoja, atakayeondolewa kazi nyingine zote, jina lake liandikwe mlangoni. Kufuli lilikuwa na ufunguo mmoja, nao ukabaki kwa Mkuu.

“Chumba ni changu,” alisema Bi. Tumsifu.

“Na wazo ni la nani?” aliuliza Mwalimu Sikujua. “Meza ndiyo iliyowapatanisha?”

“Meza na karatasi zenu hazina masikio,” alisema Mzee Limbende, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa hajawahi kumjibu mtu vibaya.

Wiki ya pili sasa mlango umefungwa. Juzi walikuja wasichana wawili waliogombania bomba la maji, mmoja ana jeraha shavuni. Wakawakuta watatu hao wakibishana barazani.

“Samahani,” aliuliza mwenye jeraha, “hapa ndipo wanapopatanisha watu?”

Wao wakaendelea kubishana. Fulgensi alikuwa akipita. “Shida ya watatu hawa ni kwamba si watani,” akasema.

Zakayo aliombwa achague wa kupewa ufunguo. Alianza kutaja jina, akasita, akaanza jingine, akaondoka. Mkuu amesema ufunguo usipopata mwenyewe kufikia Ijumaa saa nane mchana, vitanda vibovu vitarudi ndani. Leo ni Alhamisi, na wasichana wale bado hawajapatana, nao wanalala bweni moja.

Je, wewe ufunguo ungempa nani? Usinijibu “wote watatu”. Nimekwambia ni mmoja.