Kiti Kimoja na Redio ya Mzee Mavura

Kaeni mkao wa kusikia, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza. Hadithi hii hula maswali, majibu huyatapika.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipawa chake, na wa nne mwenye kipawa kisichomfaa mtu.

Bi Zaituni alikuwa na masikio. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa mbele ya ubao wa simu za zamani, akiunganisha mji na mji, mchumba na mkwe, hospitali na wafiwa. Laini ikikoroma, yeye alikwambia nguzo ya wapi imelaliwa na mti. Alipostaafu, ubao uliuzwa chuma chakavu, lakini masikio alibaki nayo.

Heriel Chuma alikuwa na pua. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na maharage aliyanusa kabla hayajaungua, siyo baada, kama sisi wengine. Watoto walisema ukitoroka Jumamosi, Jumatatu Chuma atakwambia ulikula nini na kwa nani.

Mwanaidi alikuwa na vidole. Alikuwa msusi, na mistari yake ilikuwa myembamba kama mshono wa kanzu. Aliisuka huku akitazama barabara na kujibizana na jirani, vidole vikiendelea vyenyewe kama kuku wanaodonoa.

Na Mzee Mavura alikuwa na ulimi. Miaka thelathini aliendesha malori kwenda Lusaka, Lubumbashi na Bujumbura. Alilala chini ya lori katika nchi saba, akatapeliwa katika zote saba, na kila utapeli aliurudisha nyumbani ukiwa kichekesho. Hapakuwa na jambo zito ambalo ulimi wake haukuweza kulipunguza uzito. Aliamini hiyo ni huruma. Mara nyingi ilikuwa.

Sasa, Mavura alikuwa na pikapu kuukuu, na ndani ya pikapu, redio yenye maradhi. Inapiga, inapiga, halafu kimya. Kitufe cha kuzimia kilishang'oka zamani. Akitaka kuinyamazisha aliipiga dashibodi ngumi moja, ikafa papo hapo, na akitaka ifufuke alitafuta shimo la barabarani. Yote hayo aliyavumilia, ila kukata kwake saa saba mchana, wakati wa matangazo ya vifo. Mavura alikuwa amefika ule umri ambao mtu husikiliza matangazo ya vifo ili kuhakikisha jina lake halijasomwa. "Tunasikitika kutangaza kifo cha Mzee..." Kimya. Kisha, "...mazishi yatafanyika nyumbani kwake Hedaru." Mwezi uliopita alilikisia jina, akafunga safari, akaingia uani kwa watu akilia kwa sauti, akapokelewa na marehemu mwenyewe, kikombe cha chai mkononi.

"Karibu, Mavura," marehemu alimwambia. "Ulitaka kunizika bila kunishirikisha?"

Siku ya hadithi yetu, Mavura alikuwa amepakia nyuma mizinga minane ya nyuki, na nyuki wamo. Alifika njia panda iitwayo Magunia, akawakuta wale watatu wamekaa juu ya mawe tangu alfajiri. Basi halikuja. Mvua ya milimani ilikuwa imekata mtandao tangu jana, simu zikabaki saa za mkononi. Mbele yao palikuwa na kilomita thelathini mpaka Same, na katikati, korongo ambalo likijaa halivukiki mpaka kesho yake. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya milima kama ng'ombe waliovimbiwa. Gari lingevuka mara moja, tena kwa kubahatisha. Na kiti kilikuwa kimoja.

Najua hapo nyuma yupo mjanja anayesema wapakatane. Walijaribu. Mlango ulikataa kufungwa, na gia ya pili iliingia kwenye goti la Chuma. Mjanja wa pili anasema mmoja apande nyuma. Chuma alipanda, alishuka kabla hajamaliza kupanda, jicho la kushoto limevimba kama andazi.

"Hao wamekukaribisha," Mavura alimwambia. "Wasiyemtaka humchoma yote mawili."

Mizinga haishushwi mchana. Nyuki wangewamaliza wote wanne. Na kati ya wale watatu hapakuwa na aliyewahi kushika usukani. Basi Mavura akazima injini, akasema, "Haya, semeni shida zenu. Nitapima."

"Mama yangu yuko hospitali pale Same," alisema Bi Zaituni. "Jana kaka yangu alinipigia kabla mtandao haujaondoka. Aliniambia, njoo, anakuulizia. Ana miaka themanini na mbili. Sitaki kingine, baba. Nataka anione."

"Mimi nina kesi saa tisa, baraza la ardhi la Same," alisema Chuma, kiganja juu ya jicho. "Kaka yangu wa tumbo moja anaidai nyumba yangu. Nisipotokea leo, inaamuliwa bila mimi, na wanangu watano wanalala nje."

"Sisi Wapare bwana! Tukikosa kesi hata chakula hakishuki," Mavura alitania.

"Hii inashuka na nyumba, mzee."

Mwanaidi alizungumza akitazama vidole vyake. "Baba wa mwanangu alimtoa chekechea jana bila kuniambia. Basi lao la Tunduma linaondoka Same saa tisa na nusu. Wakishavuka mpaka, sina nitakayemuuliza. Ana miaka minne."

Mavura aliwatazama mmoja mmoja. Moyo wake, ambao ulikuwa mwema, ulienda kwa wa kwanza, ukaenda kwa wa pili, ukaenda kwa wa tatu, ukarudi umechoka. Hapo ndipo ulimi ulipomwokoa, kama ulivyomwokoa kwenye vizuizi vya nchi saba.

"Sikilizeni," alisema. "Mimi si hakimu, ni dereva wa nyuki. Redio hii imenitesa miezi miwili. Atakayeiponya, kiti ni chake. Naapa kwa mizinga hii minane."

Akacheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Bi Zaituni alikuwa ameshaweka sikio kwenye kioo.

"Sogeza gari mbele, taratibu," alisema. "Rudi. Tena. Pita juu ya lile jiwe." Redio iliimba, ikakata, ikaimba, ikakata. Bi Zaituni alifumba macho. "Taa yake haizimi, kwa hiyo umeme upo. Na haitatariki. Ingekuwa antena, ingetatarika kama mafuta ya kukaangia. Hii inanyamaza kavu, kama mtu aliyezibwa mdomo. Ni waya wa spika, umekatika lakini ncha zinagusana na kuachana. Tena uko upande wa abiria, kwa sababu inakata mlango huu unapotikisika, siyo ule." Akafumbua macho. "Lakini ni wapi hasa, kutoka hapa mpaka mlangoni, masikio hayafiki."

Kutoka pale mpaka mlangoni palikuwa na bamba la bati lililoshikwa na skrubu zilizooza kwa kutu. Hapakuwa na bisibisi, wala muda wa kung'oa.

Chuma alipiga magoti, akaingiza uso chini ya dashibodi na kuanza kunusa kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, kama anayesoma. "Vumbi. Asali. Soksi, mzee, samahani. Vumbi." Akasimama. Akarudi nyuma kidogo. "Panya. Alikojoa hapa, na akatafuna plastiki, na plastiki imepata moto kidogo. Hapa." Akaweka kidole mahali pamoja, pasipo na alama yoyote. "Shubiri moja kutoka kwenye tundu la kisahani cha majivu. Lakini mkono wangu ni wa mwiko. Haupiti hapo."

Kisahani cha majivu chenyewe kilishapotea. Lilibaki tundu linaloweza kupitisha vidole viwili vya mtu mwenye mkono mwembamba. Mwanaidi aliingiza viwili. Kisha, sijui kwa njia gani, akaingiza mkono wote mpaka kifundo, na bati likamchuna ngozi bila yeye kuguna. Alisuka asichokiona. Alizikuta nyuzi za shaba, laini kama nywele za mtoto anayekimbia kitana, akazitenganisha, akazikutanisha.

Redio ikaimba. Mavura aliendesha juu ya jiwe, ikaimba. Akafungua mlango, akaubamiza, ikaimba.

"Msifurahi," alisema Mwanaidi. "Bado sijafunga. Nimezishika tu kwa vidole. Nipeni uzi wa kusukia, uko kwenye mkoba."

Kabla uzi haujatoka mkobani, ikagonga saa saba. Mtangazaji akakohoa, na kwa mara ya kwanza katika miezi miwili Mavura aliyasikia matangazo ya vifo kutoka mwanzo, safi, herufi kwa herufi.

"Bwana Sufiani Shemhilu wa Same anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, Bi Mwanahawa Shemhilu, kilichotokea leo alfajiri..."

Bi Zaituni aliinua kichwa. Mwanaidi alimwona akiinua. Vidole vyake viwili vilikuwa ndani ya bati, na kati ya vidole vile palikuwa na ncha mbili za waya. Angeviachanisha, redio ingekata, kama ilivyokata kila siku, na mwanamke yule angebaki akidhani ni jina tu lililofanana.

Hakuviachanisha.

"...Mazishi yatafanyika leo saa kumi alasiri. Habari ziwafikie Bwana Athumani Shemhilu aliyeko Korogwe, na Bi Zaituni Shemhilu, popote alipo."

Mwanamke yule alikuwa ameunganisha vifo vya watu kwa miaka ishirini na miwili, akiwaambia wafiwa asiowajua laini ni safi, zungumzeni. Midomo yake ikacheza yenyewe kwa mazoea.

"Laini ni safi," alisema.

Kisha akakaa chini barabarani.

Redio haikumngoja. Ilisoma vifo vingine vitatu, ikatoa tahadhari kwamba makorongo yote ya upande wa milima yameanza kushusha maji, ikatangaza magodoro. Mwanaidi alichukua uzi kwa mkono wa pili, akauingiza tunduni, akafunga fundo, akalikaza, akatoa mkono unaovuja damu.

"Ulijua," Bi Zaituni alimwambia. "Niliona jicho lako. Mbona hukuachia?"

"Ningeachia, habari ungeipata lini, mama? Kesho, ameshazikwa?"

"Au ulipenda niipate sasa?"

Kama Mwanaidi alikuwa na jibu, alilifungia humo humo kwenye lile fundo.

Chuma alivuta pumzi, akaitoa, akaivuta tena. Alikuwa mtu mpole. Ndiyo maana maneno yake yaliuma. "Dada Zaituni, pole sana. Mungu amlaze pema. Lakini... naomba nisieleweke vibaya... mgonjwa alikuwa na haraka. Sasa hana."

"Mimi ninayo!" Bi Zaituni alisimama. "Sikumkuta akiwa hai. Unataka nisiuone hata uso wake kabla haujafunikwa? Nyumba hujengwa nyingine, Heriel. Mimi mama nitamjenga wapi?"

"Na wanangu watano niwajengee kwa mwiko? Bila pua yangu mngekuwa bado mnapapasa bati!"

"Bila masikio yangu ungenusa gari zima mpaka kesho!"

"Bila vidole vyangu," alisema Mwanaidi taratibu, "mngejua ugonjwa, mkajua kidonda kilipo, mgonjwa akafa. Yule wa Bi Zaituni ameshakwenda. Nyumba ya Bwana Chuma haina miguu. Wangu yuko kituoni sasa hivi, kashikwa mkono, anaangalia kila mwanamke anayepita."

Wote watatu wakamgeukia Mavura.

"Mzee, uliapa," alisema Chuma.

"Uliapa, baba," alisema Bi Zaituni.

Damu ya Mwanaidi ilidondoka juu ya kiti chenyewe, tone, tone, kama anayekiwekea alama.

Mavura alifungua mdomo. Alitafuta ule mzaha uliowalainisha askari wa mipakani, uliomsahaulisha mjane mmoja wa Lubumbashi kilio chake hata akamkaangia mayai. Alitafuta Lusaka, akatafuta Bujumbura. Kwa mara ya kwanza ulimi ulilala kinywani kama mkate wa juzi. Akaona, amechelewa, alichokuwa amekifanya: alipofika alikuwa na watu watatu wenye shida, na angemchagua mmoja wakamnung'unikia yeye. Sasa alikuwa na watu watatu wenye haki, nao walinung'unikiana wao kwa wao. Na kilichowafikisha hapo ni kichekesho.

Kutoka milimani kulisikika mngurumo mdogo, usio wa radi. Redio ilianza muziki wa dansi. Mavura aliipiga dashibodi ngumi yake ya siku zote, ile inayoua sauti.

Haikukatika.

Akaipiga tena, kwa mikono miwili. Gitaa likaendelea, tarumbeta zikaingia, safi kabisa, kila herufi ya wimbo. Kazi ilikuwa nzuri mno. Akawasha injini kwa sababu hakujua la kufanya jingine, na mlango wa abiria ulikuwa wazi.

Hapo ndipo nilipowafikisha. Masikio yaliujua ugonjwa, pua ikapaona mahali, vidole vikaponya. Ondoa kimoja, redio ni bubu. Mmoja ana wa kumuaga, mmoja ana wa kuwalaza, mmoja ana wa kumnyang'anya mkononi. Maji yanashuka, nyuki wamechachamaa kwa jua, kiti ni kimoja.

Haya, ninyi mliocheka Chuma aliposema soksi: mngempandisha nani? Na kabla hujanijibu, fikiri na hili: gari likishaondoka, yule uliyempandisha atasafiri kilomita thelathini na redio isiyozimika. Na wale wawili uliowaacha juu ya mawe, je, wewe ungewaambia nini?