Tangi la Bi Mashavu na Kambare wa Rambirambi

Sogeeni, mwenye kiti na asiye na kiti. Kisa hiki sitakimaliza mimi. Nimechoka kukibeba peke yangu.

Palikuwa na watu watatu mjini Mwanza. Mwamvua mshonaji alijaliwa jicho: pindo likipinda kidogo tu, yeye huliona toka upande wa pili wa barabara. Kitwana mshenga alijaliwa ulimi: aliwahi kurudisha posa ya watu, na wenye posa wakamshukuru. Nyamizi muuza miche alijaliwa mikono: mche alioushika haukauki, hata kama umeshinda juani.

Wote watatu walikuwa watu wa Bi Mashavu. Mwamvua alikuwa jirani yake, Kitwana kaka yake tumbo moja, Nyamizi shoga yake wa tangu utotoni.

Mume wa Bi Mashavu, Mzee Sudi, alipofariki alimwachia tangi la kioo sebuleni. Alishasema mbele ya mashahidi kwamba ni la mkewe. Ndani mlikuwa na majani ya majini, na furu saba, visamaki vya ziwani, aliowachagua mmoja mmoja. Hakuwachagua kwa rangi. "Samaki wawili wazuri wanaweza kuuana," alizoea kusema. "Kwanza muulize ataishi na nani."

Bi Mashavu akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, mwanamke hatoki ila kwa dharura. Na msibani, mnajua wenyewe, watu hawaji mikono mitupu. Kwa kuwa marehemu alipenda samaki, watu wakaona busara kuleta samaki! Wazee wa mtaa wakaleta sato mmoja mzima, naye akatiwa tangini. Wifi yake mkubwa, Hajati Kulthumu, akaja na kambare mchanga kwenye ndoo, akammimina tangini kwa mkono wake mwenyewe.

"Akuliwaze, wifi yangu."

Ungemjibu nini? Rambirambi hairudishwi. Tena kila Ijumaa Hajati alikuja kumjulia hali kambare wake kwanza, ndipo amjulie hali mjane.

Sato akang'oa majani. Furu wakawa watano, wakawa watatu, mwishowe akabaki jike mmoja, amejibana nyuma ya jiwe, mdomo kaufumba, chakula hataki. Watu wakasema furu wanamfuata marehemu kwa majonzi. Bi Mashavu akawa anashinda mbele ya kioo akilia. "Mimi na wewe tumefungwa jela moja," alimwambia. Alikuwa anaogopa. Yule ndiye wa mwisho aliyelishwa na mkono wa mumewe. Akifa naye, nyumba ingebaki kuta tu.

Siku moja Mwamvua akaja kupima gauni la kutokea eda. Hakulipima. Alisimama mbele ya tangi mpaka chai ikapoa.

"Dada, majonzi gani haya?" akasema. "Tazama tumbo la kambare. Hao ndio furu wako. Na huyu mama hajasusa chakula, ana mayai mdomoni. Akitishwa tena atayatema, na yakitemwa yataliwa."

Kitwana akaenda kwa wazee, akawasifia sato wao mpaka wenyewe wakaomba warudishiwe. Kisha akaenda kwa Hajati, na huko ndiko kwenye kazi.

"Hajati, kambare wako ananyong'onyea," akamwambia. "Ukiondoka anakutazama mpaka mlangoni. Mchukue, akae na wewe mpaka eda iishe."

Hajati akafuta machozi. Ulikuwa uongo mtupu, lakini akakubali.

Nyamizi naye akaja na chungu. Angetumia wavu, mama furu angetishika. Akakizamisha chungu pembeni, akakaa kitako akasubiri tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kambare hupenda giza. Akaingia mwenyewe, akanyanyuliwa taratibu. Sato akamchota kwa chujio alipokuja juu kula. Halafu mizizi iliyong'olewa akaifunga kwa uzi kwenye mawe, mmoja baada ya mwingine, mpaka majani yakasimama tena.

Siku zikapita. Mama furu akafumbua mdomo, wakatoka vifaranga kumi na mmoja, wakajificha kwenye majani. Bi Mashavu alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu azikwe mumewe.

Eda ikaisha siku ya Ijumaa. Bi Mashavu alikuwa anahamia Tabora kwa binti yake, na safari ile vifaranga wasingeiweza. Nyamizi alishasema: tangi litahamishwa mara moja tu, likihamishwa mara mbili watakufa. Basi wale watatu wakakaa sebuleni, kila mmoja akilitaka.

"Bila jicho langu mngekuwa mnasoma dua ya samaki," alisema Mwamvua.

"Na bila ulimi wangu? Ungemwona kambare, ukabaki kumwona hivyo hivyo," alisema Kitwana.

"Semeni tu," Nyamizi akajibu. "Mikono iliyoingia kwenye maji ni yangu."

Wakapandisha sauti. Bi Mashavu akawatazama watu wake watatu, wazuri wote, wanavyoparurana. Alikuwa ametoka eda ya siku nyingi, na tayari amefungiwa ndani ya nyingine.

Ndipo hodi ikapigwa. Hajati Kulthumu, na ndoo yake. Ndani kambare, sasa urefu wa mkono.

"Eda imeisha, wifi. Nimemrudisha, kama tulivyoahidiana na Kitwana. Na kwa kuwa unasafiri, tangi la kaka yangu nitakutunzia mimi. Au umeshampa mtu?"

Waliogombana wote wakageuka kuitazama ndoo. Kwenye kioo, vifaranga kumi na mmoja wakajikusanya kwa mama yao.

Kambare alionwa na jicho. Mikono ilimtoa. Ulimi ulimwondoa, na ulimi huo huo ndio uliomrudisha. Lakini kati ya wote, ni nani mwingine awezaye kumgeuza Hajati pale mlangoni?

Hajati anavua viatu. Bi Mashavu ana nafasi ya kutaja jina moja tu. Je, wewe uliyekaa hapo, ungelitaja lipi?